Ni Wazo Zuri Lakini

Kila siku ya kazi, saa mbili na nusu asubuhi, Bahija Mkupete alifuta vumbi mezani, akamimina chai ya tangawizi kwenye kikombe chenye picha ya Rais, akawasha kompyuta na kupinga mawazo matatu kabla ya saa nne. Hakuwa mgomvi. Alikuwa mpole kiasi cha kuuomba radhi mlango akiusukuma kwa nguvu. Lakini kupinga ndiyo kazi aliyoajiriwa nayo, na cheo chake kilibandikwa nje kwa herufi za shaba: AFISA PINZANI WA WILAYA, DARAJA LA TATU.

Hapa pana haja ya maelezo, maana si nchi zote zimeendelea kiasi hiki.

Katika nchi hiyo, ambayo jina lake halitatajwa kwa kuwa kamati ya kulijadili haijamaliza kazi, Serikali iliamua zamani kwamba maendeleo yataletwa na mawazo ya wananchi, yajadiliwe kwa hoja, kwa msaada wa teknolojia. Mwenye simu yoyote aliweza kutuma wazo. Wazo lilikwenda moja kwa moja kwenye mtambo uitwao Mzani wa Taifa, uliopima hoja kwa kilo na gramu. Hoja ya mkulima yenye mifano mitatu ilifika hata kilo mbili. Hoja ya Mheshimiwa ilipimwa pamoja na gari lake.

Tatizo lilikuwa moja tu. Sheria ilisema wazo halipiti bila kupingwa kwa hoja, na wananchi wa nchi ile, kwa malezi mema waliyopata, walizoea kukubali mbele za watu na kukataa wakishafika nyumbani. Kwa miezi minane Mzani ulikaa na mawazo upande mmoja, upande wa pili mtupu. Ndipo Serikali ikaajiri wapinzani wake yenyewe, mmoja kila wilaya, wenye likizo na pensheni. Ikawachapia na Kitabu cha Sababu, chenye sababu arobaini zilizokwisha kuidhinishwa, ili mtu asiumize kichwa. Sababu ya Kwanza: wakati wake haujafika. Sababu ya Saba: wananchi hawajaelimishwa. Sababu ya Kumi na Mbili: nchi jirani watatuiga.

Bahija aliipenda Sababu ya Thelathini na Moja. Yote nzima ilikuwa hivi: "Ni wazo zuri lakini." Haikuendelea. Haikumuumiza mtu. Ilikuwa na gramu mia moja na ishirini tu, kwa hiyo wazo lilipita, mwenye wazo akapewa cheti, na wazo likawekwa kwenye kabati la mawazo yaliyopita. Kila mtu alirudi nyumbani ameridhika.

Jumanne moja Bahija alikuwa ameshapinga mawazo mawili, na kikombe kilikuwa mdomoni, alipofungua la tatu. Alisoma mstari wa kwanza, chai ikammwagikia mapajani. Hata hakusikia moto wake.

"Mtu akitaka kwenda zahanati, kwanza abipu namba ya zahanati," wazo lilisema. "Simu ikatike yenyewe, kisha ujumbe umrudie: leo dawa gani zipo, zipi hakuna, zitakuja lini. Asilipe kitu. Asitembee bure. Mimi Leokadia Mapunda, fundi cherehani, Mtaa wa Mwangaza."

Bahija alivuta droo ya chini. Chini ya shajara za miaka iliyopita palikuwa na daftari la jalada la kijani. Akafungua ukurasa wa kwanza, ambao aliujua kwa moyo. Kwa mwandiko wake mwenyewe, wa miaka sita nyuma, ulianza: "Mtu abipu zahanati."

*

Miaka sita nyuma, mama yake, Bi Mize, alikwenda Jumatatu kwa miguu hadi zahanati ng'ambo ya bonde kuchukua dawa ya presha. Akaambiwa hakuna, njoo Jumatano. Akaenda Jumatano. Akaambiwa ilikuja Jumanne, imekwisha. Alirudi na mfuko wake mtupu ameukunja vizuri, akaketi kizingitini kufungua viatu, na Bahija akaona miguu yake imevimba mpaka kamba za viatu zimeacha alama. Jioni hiyohiyo alinunua daftari.

Kwa nini hakulituma wazo lake? Mwenyewe alisema ni Kanuni ya Kumi na Nne, inayokataza Afisa Pinzani kuwa na wazo saa za kazi. Ni kweli kwamba Kanuni hiyo haikusema lolote juu ya Jumamosi. Kila mwaka Bahija aliliona wazo bado halijakaa sawa. Mara atafute namna ya kuwasaidia wasio na simu, mara aone ukurasa wa arobaini mwandiko wake si mzuri, aunakili upya. Na zaidi ya yote, aliogopa siku ambayo mtu angelisoma na kumjibu: ni wazo zuri lakini.

Leokadia hakuwa na hofu hizo. Walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, na tangu wakati huo Leokadia alikuwa mtu wa kunyoosha mkono kabla swali halijaisha.

Jioni ya Jumanne ile alikuja nyumbani kwa kina Bahija, futi ya kupimia ingali shingoni.

"Umeliona?" aliuliza hata hajaketi.

"Nimeliona."

"Ehe?"

"Ni wazo zuri," Bahija akasema, akaishia pale ambapo kazini huwa anaongeza neno moja.

"Mwenzangu, hata sijui limetoka wapi! Nilikuwa napiga pindo sketi ya mwalimu mkuu. Nainua macho, namwona mama yako huyo anapita na kimfuko chake, anarudi kutoka zahanati. Kitupu. Nikasema, hivi huyu mama si angebipu tu? Dakika tano, shosti! Pindo lenyewe sijalimaliza!"

Dakika tano. Bahija alizirudia moyoni polepole, kama mtu anayepapasa jino linalouma.

Bi Mize alikuwa akichambua mchele mlangoni. "Mimi nimesema siku zote," alisema, "Leo ana kichwa. Anashona, analea, na bado anawawazia watu. Wewe mwanangu umesoma mpaka chuo. Miaka yote unaniona navuka bonde, hata siku moja haikukujia kwamba mama angeweza kubipu?"

"Mama, mimi..."

"Sikulaumu. Kila mtu na kipaji chake. Wewe unajua kupinga."

Leokadia alicheka mpaka futi ikamdondoka. "Tena unipinge polepole, Afisa! Nipige ile yenu ya thelathini na moja, niende zangu."

Bahija naye alicheka. Alicheka kupita wote, na alipoinama kuiokota ile futi aliizungusha kidoleni kwa nguvu, mpaka ncha ya kidole ikabadilika rangi.

*

Miaka mingine mambo yangeishia kwenye cheti na kabati. Lakini mwaka huo Rais alikuwa amerudi kutoka ziara ya nje, ambako mwenyeji wake alimuuliza ni wazo gani kati ya yale yote limetekelezwa. Rais alijibu kwa tabasamu la dakika nne. Aliporudi alitoa amri: kila wilaya itachagua wazo moja, na wazo hilo litatekelezwa kabisa, si kwa kupigwa picha tu. Mawazo yatakayoshindwa yatapumzishwa miaka kumi, yasitajwe na mtu.

Katika wilaya ya Bahija yalibaki mawazo mawili. La kwanza lilikuwa la Leokadia. La pili lilikuwa la Mheshimiwa Gadiwe, Kamishna wa Mijadala, naye alitaka ujengwe mnara wa saa utakaotambua sura ya kila mpita njia na kumsalimu kwa jina, kwa sauti ya Mheshimiwa. Kwa bahati njema Mheshimiwa ndiye pia aliyekuwa mwamuzi, hivyo hapakuwa na usumbufu wa kumtafuta mwingine.

Bahija alikaa mbele ya kompyuta kuandika Sababu ya Thelathini na Moja. Aliandika "Ni wazo zuri". Akatazama maneno hayo. Akaona uso wa mama yake ukimwangalia Leokadia vile ambavyo haukuwahi kumwangalia yeye. Akafuta.

Kisha akaandika kitu ambacho hakikuwamo kitabuni. Aliuliza ni nani atakayeandika kila asubuhi orodha ya dawa, wakati zahanati ina nesi mmoja na wagonjwa wamepanga foleni mpaka kwenye mti wa uani. Aliuliza ujumbe ukisema dawa ipo, na watu mia wakaja, na kopo lina vidonge vya watu ishirini, hao themanini watamwambia nani. Akauliza habari za bibi asiye na simu, na bibi mwenye simu asiyeona herufi. Kila swali liligonga palepale penye ufa. Angekosaje kupajua? Alikuwa ametumia miaka sita kuziba nyufa hizohizo, moja baada ya nyingine, na majibu yote yalikuwa kwenye droo chini ya goti lake.

Alibonyeza kitufe. Kwenye kioo cha kompyuta Mzani ukatikisika, ukasoma kilo kumi na tisa.

Simu ikalia kabla chai haijapoa.

"Afisa!" Ilikuwa sauti ya Mheshimiwa Gadiwe. "Kilo kumi na tisa! Bila gari! Unajua hiyo ni nini? Huo ndio mjadala wenye afya! Huo ndio utamaduni wa hoja tulioahidi kwenye ilani, ukurasa wa mia mbili na sita! Nimesoma nikatokwa machozi ya kiutawala."

"Ahsante, Mheshimiwa."

"Una uchungu na nchi hii, binti. Unaonekana katika kila mstari. Tangu leo wewe ni Daraja la Pili. Jumamosi kwenye kikao cha hadhara utazirudia hoja hizo kwa mdomo, maana hoja ya maandishi isiyosemwa inafutika. Wazo la simu litalala, na mnara utasimama. Umenielewa?"

Bahija alisema ameelewa. Siku hiyo aliporudi nyumbani, dirisha la Leokadia lilikuwa wazi na cherehani haikulia. Leokadia alikuwa ameketi nyuma ya cherehani hiyo, simu mkononi, akizisoma zile hoja kwa kufuatisha na kidole. Aliinua macho.

"Za kazi, Afisa," akasema. Hakusema shosti.

*

Ukumbi wa wilaya ulijaa. Mzani uliletwa kwa lori na kusimamishwa jukwaani, mshale wake umepambwa kwa utepe wa rangi za taifa. Mheshimiwa Gadiwe alifungua kikao kwa hotuba fupi ya saa moja na robo.

"Ndugu wananchi," alisema akikaribia kumaliza, "zamani tulikuwa tunabishana kama watu wasio na mtambo. Leo tunabishana tukiwa na mtambo! Yeyote yuko huru kusema lolote, mradi liwe na uzito. Na uzito si jambo la mtu binafsi. Uzito ni jambo la kitaifa!"

Watu wakapiga makofi, nao mshale ukapanda kilo mbili kwa heshima.

Leokadia alieleza wazo lake kwa maneno machache, amesimama wima kama mtu anayepimwa nguo. Alimtaja Bi Mize kwa jina, na mfuko wake, na bonde. Mzani ukasoma kilo sita.

Ikawa zamu ya Bahija. Lakini kabla ya kupinga ilikuwapo Sheria ya Kurudisha. Sheria hiyo ilitungwa baada ya waziri mmoja kulipinga wazo siku tatu mfululizo na kugundua siku ya nne kwamba ni lake. Ilisema hivi: hakuna kupinga kabla hujarudisha maneno ya mwenzako, mpaka mwenyewe aseme "Ndivyo". Na maneno ya kurudisha huhesabiwa upande wa mwenye wazo, kwa kuwa ni mali yake. Sheria hii haikumsumbua mtu. Kwa miaka yote kila mwenye wazo alisema "Ndivyo" hata kabla mwenzake hajafungua mdomo, ili watu wawahi chakula.

Bahija alishika kipaza sauti. "Mtoa wazo anapendekeza matumizi ya simu katika usambazaji wa taarifa za upatikanaji wa dawa."

"Sivyo," akasema Leokadia.

Neno hilo halikuwahi kusemwa. Fundi wa Mzani ilibidi afungue kitabu cha maelekezo kutafuta kitufe chake.

"Sema Ndivyo, mama, tuendelee," Mheshimiwa alimnong'oneza.

"Siwezi kusema ndivyo wakati sivyo. Arudie."

Bahija akajaribu tena. "Unataka mtu abipu zahanati, aambiwe kama kuna dawa."

"Sivyo. Sikusema mtu. Nilisema nani, Bahija? Sema nilisema nani."

Bahija alitazama ukumbini. Kwenye safu ya tatu alikuwa ameketi Bi Mize, mfuko wake ameukunja vizuri mapajani.

"Mama yangu," alisema. Akaanza upya. "Unataka mama yangu asivuke bonde bure. Unataka akiamka, kabla hajavaa viatu, abipu. Namba iwe ya tarakimu moja iliyojirudia mara nne, ili aipate kwa kupapasa, maana miwani yake haioni karibu. Jibu lisije kwa maandishi peke yake. Apigiwe, asikie sauti ya mtu wa kwao ikimwambia leo ipo, au leo usije mama, njoo Alhamisi. Na akiambiwa ipo, vidonge vyake viwe vimeshatengwa kwa namba ya simu yake mpaka saa kumi, watu mia wasigombee kopo la watu ishirini."

Mshale ukaanza kupanda. Hakuuona.

"Nesi asiandike chochote. Ana kazi ya kutosha. Akifungua kopo la mwisho la dawa, naye abipu, mara moja tu, kila dawa na namba yake. Basi, mtambo umejua. Na asiye na simu, duka la karibu liwe na bendera. Nyeupe kuna dawa, nyekundu hakuna. Mtoto wa shule ataiona akipita, atakwenda kumwambia bibi yake. Kwa kuanzia zatosha zahanati tatu. Ya ng'ambo ya bonde iwe ya kwanza."

Akashusha kipaza sauti. Mzani ulisoma kilo arobaini na moja. Fundi aliupiga kofi pembeni, akidhani umekwama, ukasoma kilo arobaini na moja tena.

"Bahija," Leokadia alisema polepole. "Mimi sikusema hayo."

"Najua."

"Umeyatoa wapi?"

"Kwenye daftari. Lina miaka sita."

Bi Mize aliukunjua mfuko wake, akaukunja tena.

"Kikao hakihusiani na madaftari!" Mheshimiwa Gadiwe alisimama. "Kurudisha kumekwisha! Sasa apinge! Afisa, zile kilo kumi na tisa, zisome! Au nipe namba tu ya sababu, karani aandike."

Bahija alifungua Kitabu cha Sababu. Alipitia zote arobaini, moja moja, kwa kidole, na watu wakamngoja. Kisha akakifunga.

"Yangu haimo humu," alisema.

"Itakuwa Mengineyo! Isome!"

Bahija akasema neno, lakini alilisema chini chini, kipaza sauti kiko mbali na mdomo, na hakuna aliyelisikia. Kwa kuwa sheria ni msumeno wa pande zote mbili katika nchi ile, Leokadia naye alilazimika kurudisha.

"Unasema wazo lina kasoro," akajaribu.

"Sivyo."

"Unasema nimekuibia."

"Sivyo, Leo. Hukuiba. Ulimwona mama tu, ukafungua mdomo. Mimi nimemwona kila wiki nikaufumba."

"Unasema umechoka, shosti? Niseme umechoka?" Machozi yalikuwa yanamlenga Leokadia, akayafuta kwa ncha ya futi. "Nitasema ndivyo, twende zetu nyumbani."

"Sivyo."

"Basi unasema nini?"

Bahija alivuta kipaza sauti mpaka kikagusa mdomo.

"Ni wazo zuri," alisema.

Karani, mtu mzoefu, alikwisha kuandika "lakini".

"Na nina wivu nalo. Nilitaka mama aniangalie mimi vile anavyokuangalia wewe."